Nyumba mpya ya kiwandani au kibanda cha zamani: uzoefu wangu, na yule kijana wa "pumzi zenu"

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, na nalisema hilo mapema ili msomaji ajue mahali pa kupunguza chumvi. Mambo ya urefu, upana na unene wa kuta sitayagusa, kwa kuwa kila muuzaji anayo karatasi yake na kila karatasi inasema nyumba yake ni bora. Nitaeleza yaliyonipata mimi, hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, nilipolazimika kuchagua kati ya kukarabati kibanda cha chuma nilichokuwa nacho miaka mingi na kununua nyumba mpya iliyotengenezwa kiwandani, ile inayoletwa kwa lori ikiwa nusu mbili na kuunganishwa kiwanjani kwako. Nilinunua mpya. Baadaye nikakarabati na ya zamani, kwa hasira tu, kwa hiyo leo ninazo zote mbili, zikitazamana kama wake wenza.

Kibanda hicho nilikinunua kwa wajenzi wa barabara walipokuwa wakivunja kambi yao, nikakisimamisha Malaba, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, na kukifanya ofisi yangu ya uwakala wa forodha. Tangu utaratibu wa Eneo Moja la Forodha ulipoanza mwaka 2014, mizigo mingi inayokuja Uganda hulipiwa ushuru ikiwa bado bandarini Mombasa, na sisi tuliokuwa tukiishi kwa foleni ya malori pale mpakani tukabaki tukifukuza inzi. Nilivumilia kiasi, kisha nikafunga ofisi, nikakodi lori lenye winchi na kukihamishia kibanda kwenye kiwanja changu. Kikakaa majanini misimu kadhaa ya mvua, kuku wakitagia chini yake.

Nilipotaka kukifanya makazi, fundi wangu wa kuchomelea alikizunguka mara mbili akigonga boriti za chini kwa nyundo, na pale mlio ulipofifia, akanitazama kwa huruma. Alisema kuta ni nzima ila miguu imeliwa. Binti zangu nao wakasema hawataweza kuwaambia wakwe zao kwamba mama yao anaishi ndani ya kopo. Basi nikapanda gari kwenda kutazama nyumba mpya katika uwanja mmoja wa biashara ulio kando ya barabara ya Jinja, si mbali na Kampala. Jina la kampuni nalihifadhi, kwa kuwa ugomvi wetu haujaisha.

Nilipokewa vizuri mno. Dada mmoja aliniletea kiti, akaniletea maji ya chupa, akaniita mama kila baada ya maneno matatu. Nyumba ya maonyesho ilikuwa na ubaridi wa kupendeza, kimya, ikinukia rangi mpya, na mimi niliyezoea kusoma hati za mizigo ya watu mpaka herufi ya mwisho sikuona lililokuwa wazi kabisa: nyumba ile ilisimama ndani ya banda kubwa lenye paa lake. Haikuwa imewahi kunyeshewa hata siku moja.

Mvua ya Tororo si ya mchezo. Kati ya mwaka 1967 na 1976 mji huu ulirekodiwa kuwa na wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, na wenyeji hatukuhitaji mtu wa rekodi atuambie. Nyumba yangu ilifika mwishoni mwa kiangazi. Vijana wa kampuni waliiteremsha, wakaunganisha nusu mbili juu ya nguzo fupi za zege tulizokuwa tumezimwaga wenyewe, wakafunika mshono wa katikati kwa ukanda wa bati, wakapaka silikoni, wakala chakula changu, wakaondoka siku ileile. Mvua ya kwanza ya maana ilikuja usiku, wiki chache baadaye. Nilisikia tone. Kikapita kimya cha kuhesabu mpaka sita, kisha tone jingine. Nilipowasha taa niliyaona maji yakikusanyika kwenye mshono wa dari, yakivimba kama jicho linalotaka kulia, kisha yakianguka katikati ya meza ya chakula, juu ya kitambaa nilichoshonewa na marehemu dada yangu.

Nilipiga simu asubuhi. Nilipiga tena, na tena. Yule dada wa maji ya chupa hakuwa akinikumbuka. Baada ya muda ambao sitaki kuuhesabu, walimtuma kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa mhandisi, naye akaja mchana wa jua kali, saa ambayo hata ungo usingevuja.

Aliingia na viatu. Mjukuu wangu alimsogezea kandambili, akaziruka. Hodi hakupiga, chai hakutaka. Alitazama dari, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, akakitazama kidole, kisha akakipangusa kwenye pazia langu. Sikukosea kuona: kwenye pazia. Akauliza watu wangapi wanalala humu, nikamwambia watatu. Akauliza tunapikia wapi, nikamwambia nje, jikoni, kama kila mtu. Akatikisa kichwa kama daktari anayemhurumia mgonjwa aliyechelewa kuja, akasema: "Mama, hiyo si mvua. Hizo ni pumzi zenu."

Nilimwomba arudie. Alirudia polepole na kwa sauti ya juu, kana kwamba ugonjwa ulikuwa wa masikio yangu. Alieleza kwamba watu wakijifungia ndani ya nyumba ya kisasa hutoa mvuke, mvuke ukipanda hukutana na bati baridi na kugeuka maji, na kwamba nyumba kama hizi zinahitaji watu wanaojua kufungua madirisha. Hayo maneno "watu wanaojua" ndiyo niliyolala nayo. Nimelea watoto wanne, nimegombana na madereva wa malori kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, nimeshinda na kushindwa katika mabishano ya ushuru, lakini sikuwahi kuambiwa kwamba sijui kupumua.

Alipoondoka nilimtuma mjukuu dukani anunue nili, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Tuliikoroga katika majerikeni mawili ya maji mpaka yakawa na rangi ya sare za shule, kisha askari wetu wa usiku akapanda ngazi na kuyamwaga taratibu kando ya ule ukanda wa bati. Mimi nilikaa mezani na sahani nyeupe mbele yangu. Tone la kwanza lilianguka sahanini likiwa la buluu, la pili likiwa la buluu, na la tatu lilipasukia kwenye miwani yangu. Nilipiga picha ya sahani, nikaituma kwa kijana yule, nikaandika chini yake: "Pumzi zetu." Aliisoma. Hajajibu mpaka leo.

Tangu siku hiyo hakuna kitu katika nyumba ile kilichonipendeza. Mlango niliokuwa nimeusifu kwa majirani niliuona mwepesi kama wa kabati. Kuta, ambazo ni povu lililobanwa kati ya bati mbili nyembamba, zilinikera kwa kuwa huwezi kupigilia msumari wa kutundika picha ya marehemu mume wako. Ni lazima utafute skrubu za namna yake. Hata weupe wake niliuona wa hospitali. Najua si haki.

Kwa hasira hiyohiyo nikamwita fundi tukaanza na kibanda. Hapa nitakiri jambo ambalo wapenzi wa vitu vya zamani huliruka: bei ya ukarabati huijui mpaka umemaliza. Fundi alianza na boriti mbili zilizoliwa na kutu. Alipozikata akakuta ya tatu. Alipobandua sakafu, plaiwudi ilimmegukia mikononi kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nyuma ya mbao za ukuta kulikuwa na nyaya za umeme zilizotafunwa na panya, pamoja na kiota kilichojengwa kwa stakabadhi zangu za forodha, nyingine zikiwa bado zinasomeka. Kila jioni aliniletea orodha: vijiti vya kuchomelea, mawe ya kukatia, rangi ya kuzuia kutu, halafu tena vijiti. Nilipojumlisha yote, pamoja na lile lori la winchi la kutoka Malaba, nilikuta nimepita nusu ya bei ya nyumba mpya, na choo cha ndani bado sikuwa nacho.

Hata hivyo nilikuwa na furaha ambayo nyumba mpya haikunipa. Fundi huyu alikuwa akivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na akikosea nilimfuata kwake kabla hajamaliza chai ya asubuhi. Tuliinua paa la pili la mabati juu ya lile la chuma, tukaacha nafasi ya kutosha hewa ipite katikati, na joto ambalo zamani lilinifukuza ofisini kila saa saba ya mchana likapungua mpaka nikaweza kujilaza adhuhuri. Tukafunga na waya wa kwenda ardhini, kwa sababu ya zile radi. Nikahamia. Kwa wiki mbili nilimwambia kila aliyekuwa tayari kunisikiliza, na wengine ambao hawakuwa tayari, kwamba asinunue mpya, akarabati.

Kisha ikaja asubuhi moja ya baridi baada ya mvua kubwa, nikaamshwa na tone kwenye paji la uso. Nilimwita fundi kwa ukali. Alipanda, akakagua paa la juu, hakuona tundu. Nikapitisha kidole mwenyewe kwenye chuma cha ndani, maana dari ya zamani tulikuwa tumeibandua na fedha za nyingine zilikuwa zimekwisha. Chuma chote kilikuwa kimelowa, si mahali pamoja, bali kila mahali, kwa matone madogo yaliyolingana kama jasho kwenye chupa ya soda. Mimi na mjukuu tulikuwa tumelala tumefunga madirisha kwa kuogopa mbu. Zilikuwa pumzi zetu.

Nilikaa kitandani muda mrefu bila kusema neno. Kijana yule alikuwa amesema jambo la kweli kabisa, isipokuwa alilisemea kwenye nyumba isiyo yenyewe, na akalisema huku akijipangusa kwenye pazia langu.

Na kuna jingine ambalo ningependa kulificha. Siku hiyohiyo fundi, kwa kuwa alikuwa tayari na ngazi na vifaa vyake, aliingia na pimamaji chini ya nyumba mpya, akakuta nguzo moja ya kona imezama kwa unene wa vidole viwili. Nguzo zile hazikumwagwa na kampuni. Zilimwagwa na mkwe wangu na rafiki zake Jumamosi moja, juu ya udongo wa kujazia ambao haukushindiliwa, na mkataba unasema wazi kwamba msingi ni juu ya mnunuzi. Nusu moja ya nyumba iliinama, mshono ukaachana, silikoni ikachanika. Dawa yake ilikuwa jeki ya lori, vipande vitatu vya chuma na chini ya saa mbili za kazi. Tangu hapo nimeumwagia mshono nili mara mbili na sahani imebaki nyeupe. Bado nasema mhandisi aliyetoka Kampala angeinama kidogo kutazama nguzo kabla ya kuuliza tunalala wangapi. Mkwe wangu sijamwambia.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, nitakujibu nunua mpya, kama msingi wako umeshindiliwa vizuri, kwa sababu usiku wa mvua humo ndani naisikia hata saa ya ukutani, wakati kwenye kibanda, hata kwa mapaa yake mawili, hatusikilizani. Halafu nikilikumbuka lile pazia, nitakwambia karabati cha zamani. Juzi nilimshauri jirani anunue, na leo asubuhi nimemwambia angoje kwanza.

Nimerudi kulala kwenye mpya. Awamu ya mwisho ya malipo sijaitoa, na yule dada wa maji ya chupa, ambaye kumbukumbu zake zimerudi tangu tarehe ya kulipa ilipopita, hunipigia kila Ijumaa akiniita mama. Nimemwambia fedha ipo mezani, chini ya sahani nyeupe. Amtume kijana yule aje aichukue. Kandambili ziko mlangoni.