Fuli sinthetiki: gari inacheka, pikipiki imeniliza

Mimi nalima viazi huku Njombe, nina kaIST kangu na pikipiki ya kutolea mzigo shambani. Kipindi kile cha baridi gari asubuhi ilikuwa inazungusha weee mpaka betri inachoka, fundi akaniambia mama weka oili ya injini ya fuli sinthetiki, hiyo haiwi nzito kwenye baridi kama hii ya kawaida. Nikanunua dumu la lita 5, bei sitaki hata kuikumbuka, na kweli kesho yake gari ikawaka mara moja, mlio laini, nikajiuliza nilikuwa wapi siku zote.

Sasa gari imekula lita 3 na nusu na ushee, imebaki kama lita moja na robo. Nikapita palepale dukani nikamuuliza yule kijana, hii iliyobaki naweza kutia kwenye pikipiki? Hata macho hajainua kwenye simu. "Mama, oili ni oili tu, tena hiyo ndo ya bei, pikipiki itakushukuru."

Ikanishukuru kweli! Wiki mbili hazijaisha, mdogo wangu kapakia gunia anapanda kile kilima cha kutokea mtoni, injini inalia kama inaenda Makambako, pikipiki ipo palepale, akashuka asukume, gunia likadondoka, viazi vikarudi mtoni vyenyewe. Fundi kufungua, klachi inateleza, nguvu ya injini haifiki kwenye tairi. Kumbe klachi ya pikipiki inaogelea humohumo kwenye oili ya injini, ya IST haiogelei, na nyingi ya hizi oili nyepesi za gari zinatiwa dawa ya kuzidisha utelezi ili gari inywe mafuta kidogo. Ya pikipiki angalia kopo limeandikwa JASO MA au MA2, ndo alama ya oili inayofaa klachi ya kuogelea. Tukamwaga, tukaweka yake, wapi! Ikabidi klachi pleti nazo zibadilishwe.

Narudi dukani na dumu langu mkononi, jamaa ananijibu mbele ya wateja, "Mama, si wewe ulitaka sinthetiki? Mimi nauza, mimi sio fundi." Watu wakacheka. Aisee, umri wangu huu!

Nilikaa niandike hizi sinthetiki ni wizi mtupu, ila ntakuwa nasema uongo, maana zipo sinthetiki zenye hiyo MA2 na bodaboda wanatumia freshi tu, na mwenyewe dumu lililofuata nimeweka mpaka kwenye pampu ya kumwagilia, yenyewe haina klachi humo ndani, nayo inawaka kwa kuvuta kamba mara moja. Kwa hiyo oili sina kesi nayo. Au ninayo kidogo, kwenye bei hapo.

Yule kijana ndo sijamsamehe, siku hizi nanunua duka la mbali. Na kale karobo kalikobaki kwenye dumu la kwanza nimepaka bawaba za geti, geti la gharama kuliko yote mtaani, halitoi hata mlio.