Wamemsingizia Mmaasai: uzoefu wangu kwenye kituo cha wanyama waliookolewa, Marekani

Kituo sikitaji jina, ila wahusika wakisoma hapa watajijua. Kiko mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka Columbus, Ohio, ukishavuka mpaka wa jimbo. Tulikwenda majira ya joto yaliyopita, mimi, wanangu wawili na mama yangu aliyekuja kutusalimia kutoka Babati. Habari za kiingilio na saa za kufungua utazikuta kwenye tovuti yao. Mimi nina neno kuhusu banda moja tu, la mondo, yule paka pori mwenye masikio makubwa.

Chui milia hawakumshangaza mama. Aliwaangalia kidogo, akasema wanene, akaendelea kutembea. Alipofika kwa mondo ndipo aliposimama. "Mondo!" akaita kwa sauti, kama mtu aliyekutana na jirani stendi ya mabasi. Yule mnyama alikuwa ametupa mgongo, akayageuza masikio yake makubwa kutufuata, na ile alama nyeupe nyuma ya kila sikio ikaonekana wazi kabisa. Mama kapoteza kuku wengi kwa mondo, lakini siku ile alicheka mpaka akashika wavu. Mimi machozi yalinilengalenga. Kwa hizo dakika tano kituo kile ningekipa nyota zote na mchango juu.

Halafu akaja kijana wa kuongoza wageni na kipaza sauti chake. Akatangaza kwamba mondo huyo alizaliwa Tanzania, kwamba Wamaasai walimuua mama yake wakala nyama na kuchukua ngozi, na kwamba kitoto kiliokolewa kikaletwa huku kikiwa bado kinanyonya chupa. Watu wakaguna kwa huruma. Baba mmoja akatumbukiza noti kwenye sanduku la michango. Mama akanigusa mkono: "Anasemaje?"

Nilishindwa kumtafsiria. Mama ameishi na majirani Wamaasai tangu akiwa msichana, na anajua kama tunavyojua wengi wetu kwamba Mmaasai anayeshika mila za kwao hali nyamapori. Ng'ombe anao, mbuzi anao. Sasa nimwambie mama kwamba watu waliokuwa wakimletea maziwa ndio wanaotajwa hapa kama walaji wa mondo, mbele ya wajukuu zake?

Nikamfuata yule kijana pembeni, kwa adabu kabisa. Nikamwambia natoka Tanzania, ningependa kujua mnyama aliondoka mkoa gani, mwaka gani, na kwa kibali gani. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. Akasema: "Nyinyi kule mnawaua, sisi huku tunawalea. Ungeshukuru tu." Kisha akawasha kipaza sauti akaendelea na watu wake.

Hilo neno nimelibeba mpaka leo.

Na swali langu halikuwa la kutafuta ugomvi. Mwaka 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne, walipakiwa kwenye ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wakapelekwa Qatar, nchi nzima ikalia, Bunge likachafuka. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje. Mondo yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, maana yake havuki mpaka kihalali bila kibali cha nchi anakotoka. Kwa hiyo kama kijana alisema kweli, naomba kuiona hiyo karatasi, na kama karatasi haipo basi huyo ni mnyama wetu aliyeibiwa. Kama hakusema kweli, basi amelichafua jina la kabila zima ili sanduku lijae. Sioni njia ya tatu.

Aliyetufungua macho ni mama. Mondo alisogea karibu na wavu, akaweka mguu wa mbele juu ya gogo, mama akainama akaangalia muda mrefu. "Huyu kucha zake ziko wapi?" Nikachuchumaa na mimi. Vidole vilikuwa vifupi, butu, vimeishia kama vilivyokatwa na kisu, na alipotembea alikanyaga kwa uangalifu, kama mtu anayepita pekupeku kwenye kokoto. Daktari anapomtoa paka kucha hakati kucha peke yake, anakata pingili ya mwisho ya kidole. Hayo hufanywa kwa paka wa kufugwa sebuleni, ili asichane makochi.

Bibi mmoja mfanyakazi wa kujitolea, aliyekuwa amebeba ndoo ya kware, alituona tumeinama pale. Nikamuuliza kwa sauti ya chini. Akasema huyo alitoka nyumbani kwa mtu humohumo jimboni, aliyemnunua kwa mzalishaji akiwa mdogo, akamchoka alipoanza kukojolea kuta. Tanzania hajawahi kuiona. Nilipofika kwenye gari nikasoma kipeperushi tulichopewa mlangoni: mondo aliokolewa kutoka kwenye sarakasi. Mnyama mmoja ana asili tatu, ndani ya uzio mmoja!

Bibi namwamini, kwa sababu hadithi yake ndiyo inayofanana na nchi hii ilivyo. Ohio ninakoishi walibana sheria mwaka 2012, baada ya lile tukio la Zanesville la 2011 ambapo mwenye wanyama aliwafungulia simba na chui milia kisha akajiua. Kwetu hapa mondo haruhusiwi kufugwa nyumbani. Lakini sheria ya Marekani nzima, iliyosainiwa Desemba 2022, imewataja simba, chui milia, chui, duma, jaguar na puma, mondo hayumo. Majimbo mengine bado anauzwa kama mbwa. Mwaka 2023 kuna mondo alitoroka kwenye gari huko Cincinnati, ikabidi wampime DNA kujua ni mondo halisi au chotara wa paka, na akakutwa na kokeini mwilini. Huko ndiko wanakotoka wengi wa hawa "yatima wa Afrika", kwenye nyumba na magari ya watu.

Haki nayo niiseme. Mondo hakuwa amekonda. Banda lilikuwa na nyasi ndefu za kujificha, maji masafi, na yule bibi alimrushia kware mzima, mondo akaruka juu akamdaka kwa miguu yote miwili isiyo na kucha. Wanangu walipiga kelele za furaha. Kwa hilo nilipanga kuweka nyota tatu, hata kichwa cha maoni haya kilikuwa kingine. Lakini nikiandika namkumbuka yule baba na noti yake, na wanangu waliosikia kila neno kwa sababu Kiingereza wanakijua kuliko mimi. Mdogo aliniuliza njiani kama bibi yake naye hula mondo.

Niliwaandikia barua pepe mara mbili kuomba waonyeshe mnyama alikotoka. Jibu lilikuja moja, la kunishukuru kwa kuwatembelea, na chini yake kitufe cha kuchangia.

Nyota moja, na hiyo ni ya bibi wa ndoo. Wakinitumia karatasi, na wakamfuta Mmaasai kwenye hadithi yao, nitarudi hapahapa kubadilisha.