Redio ya kwanza ya ridhaa: ipi inunuliwe, ipi isubiri

Mtu anayeingia kwenye redio ya ridhaa huanza na swali la "ninunue ipi?" kabla hajajiuliza lenye uzito zaidi: nani atanisikia? Redio ya mkononi ya wati 5 mahali penye ripita nzuri mlimani (kituo kinachopokea mawimbi yako na kuyarusha tena mbali) inaweza kukupa mazungumzo kila jioni. Redio hiyohiyo mahali pasipo ripita wala jirani mwenye leseni inabaki kuwa tochi ya gharama, maana nyingi zimewekewa tochi kabisa. Ndiyo maana hapa chini sikupanga kwa sifa za kwenye boksi. Nimepanga kwa uwezekano wa mtu mpya kusikia na kusikika ndani ya mwaka wake wa kwanza.

Leseni inatangulia. Mtihani huwa unagusa sheria, umeme, antena na usalama, na nchi nyingi zina madaraja: la chini mara nyingi hufungua masafa yaliyo juu ya 30 MHz na kubana nguvu, la juu hufungua mawimbi mafupi, yaani yaliyo chini ya 30 MHz. Alama za Morse, zile za nukta na vistari, zisikutishe. Tangu mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2003, kanuni za kimataifa hazizilazimishi tena. Kila nchi huamua yenyewe, na nyingi zimeziondoa. Soma daraja lako linaruhusu nini kabla ya kutoa pesa. Uliza pia kama kibali kinahitajika hata kumiliki redio ya kurushia au kuiingiza nchini, kwa sababu ziko nchi zinazodai hivyo. Tena, mipaka ya bendi, yaani mafungu ya masafa, haifanani duniani. Bendi ya mita 2 ni 144 hadi 146 MHz katika Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), yenye Ulaya na Afrika, lakini Marekani inafika 148. Redio kukubali kurusha mahali fulani hakukupi ruhusa ya kurusha hapo.

Nafasi ya kwanza: kijiti cha kupokea, RTL-SDR

Kinachomekwa kwenye kompyuta kwa USB, na asili yake ni vipokezi vya televisheni. Kinasikia kuanzia takriban 24 MHz hadi 1,766 MHz, na matoleo ya V3 na V4 hushuka mpaka mawimbi mafupi. Programu zake ni za bure. Hakirushi chochote, kwa hiyo kinakufaa ukiwa bado unasomea mtihani, na baada ya leseni hakitupwi: kitakuonyesha bendi nzima kwa mkupuo, ipi imejaa na ipi imelala. Hiki ndicho kitakachojibu lile swali la nani yupo hewani. Kama hata hicho ni kizito kwa sasa, fungua kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kinachosikilizwa na yeyote kupitia intaneti kuanzia 0 hadi 29 MHz.

Nafasi ya pili: redio ya mawimbi mafupi, wati 100 au pungufu

Daraja lako likiruhusu, pesa nyingi ziende hapa. Mawimbi mafupi hayahitaji ripita ya mtu. Anga lenyewe linakurudishia sauti ng'ambo ya bahari.

Icom IC-7300, iliyotoka 2016, ndiyo ninayoitaja kwanza. Ina kirekebisha antena ndani (kifaa kinacholinganisha redio na antena), na kebo moja ya USB inabeba sauti na amri za kompyuta kwa pamoja. Yaesu FT-891 ni ndogo, ngumu na ina wati 100 zilezile, lakini kirekebisha antena utanunua pembeni, na USB yake haibebi sauti, hivyo kwa kazi za kidijitali utahitaji kiunganishi kingine. Xiegu G90 ina wati 20 tu pamoja na kirekebisha antena kinachosamehe mengi. Wati 20 zinatosha kabisa kwa FT8, mfumo wa ujumbe mfupi wa zamu za sekunde 15 ulioanza 2017. Mmoja wa waliouunda ni Joe Taylor, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1993, kwa hiyo usiwasikilize wanaosema ni mchezo wa watoto.

Hesabu pia vya pembeni. Redio ya wati 100 hula takriban ampea 20 hadi 23 kwa volti 13.8 inaporusha, na pawasaplai mbovu itajaza kelele kwenye bendi unayotaka kuisikiliza. Antena, kwa upande mwingine, jitengenezee. Gawanya 143 kwa MHz, upate urefu wa dipole, antena ya waya inayolishwa katikati, kwa mita: kwa 14.2 MHz ni kama mita 10, kwa 7.1 ni kama 20. Hiyo yenye urefu wa mita 20 hufanya kazi vizuri hata kwenye 21 MHz. Kata ndefu kidogo kisha punguza, na iwe mbali na nyaya za umeme, mbali kiasi kwamba hata ikianguka haizigusi.

Mtumba ni njia nzuri hapa, ila usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Omba uione ikirusha kwenye mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena), bendi baada ya bendi, nguvu ikisomwa kwa kipima wati. Muuzaji akikuambia "inapokea vizuri sana" na kunyamaza kuhusu kurusha, ondoka.

Ya tatu: redio ya gari, ukiifunga nyumbani

Wati 50 za VHF na UHF (bendi za kama 145 na 430 MHz) pamoja na antena ya nje juu ya paa huishinda redio yoyote ya mkononi. Kebo ndiyo mtego. RG-58, kebo nyembamba, ya mita 30 hula zaidi ya nusu ya nguvu yako kwenye 145 MHz, na kwenye 430 ni vibaya zaidi. Nunua kebo nene, au fupisha njia.

Ya nne: redio ya mkononi

Najua wengi wangeiweka ya kwanza. Ni rahisi, na kwa setilaiti kama SO-50 au ripita ya kituo cha anga cha ISS, inayosikika 437.800 MHz, inakupa raha ya kweli ukishika mkononi antena ya Yagi, ile ya vijiti inayoelekezwa upande mmoja. Baofeng UV-5R ndiyo maarufu, lakini maabara ya ARRL, chama cha Marekani, ilipima redio nyingi za bei nafuu na kukuta mawimbi machafu nje ya masafa yake. Yaesu FT-65R inagharimu zaidi na inastahili. Nunua na kebo ya kuprogramu, maana kuingiza ripita kwa vitufe ni adhabu.

Ya tano: redio ya vipande, ya kuunganisha mwenyewe

QMX ya QRP Labs, redio ndogo ya mawimbi mafupi, ina wati 5 hivi. Ni nzuri sana kwa anayejua kuunganisha vipande kwa solda. Kwa asiyejua, isubiri.

Za mwisho kabisa

Redio za sauti ya kidijitali zisubiri hadi ujue wenzako wanatumia mfumo upi, kwani DMR, D-STAR na C4FM hazisikilizani zenyewe kwa zenyewe. Nayo amplifaya, kiongeza nguvu ya kurusha, usiiguse mwaka wa kwanza. Kutoka wati 100 hadi 400 ni desibeli 6, alama moja tu kwenye mita ya S, kipima nguvu ya mawimbi yanayopokelewa, ya anayekusikiliza, na wewe husikii zaidi hata chembe.