Squier Bullet Strat: gitaa la bei nafuu la kuchokonoa

Kwa bendi inayosaka sauti yake yenyewe, Bullet Strat ni gitaa zuri sana la umeme la kuanzia, mradi uchukue lenye daraja (kipande kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa) lisilotikisika. Lenye springi linasumbua: ukilegeza uzi mmoja, springi zinavuta daraja na nyuzi nyingine zote zinapanda.

Bendi ya Sonic Youth wa New York walijenga sauti yao miaka ya 1980 kwa magitaa ya bei ya chini, kila moja na tyuni yake, mengine yamechomekwa bisibisi chini ya nyuzi. Bullet linaupokea mtindo huo vizuri. Urefu wa uzi ni milimita 648, kwa hiyo freti (kipau cha chuma shingoni) ya 19 iko milimita 216 kutoka darajani, theluthi kamili. Laza hapo bisibisi ya mpini mwembamba, chuma chake kiwe cha milimita 6, kisha piga uzi upande wa shingo: kipande cha upande wa daraja kinaitikia chenyewe, kama kengele ya mbali, na pikapu, yaani sumaku zilizo chini ya nyuzi, zinanasa mwitikio huo. Chuma kikisogea kidogo tu, mlio unafifia. Tyuni baada ya kuchomeka, kwa sababu chuma kinainua nyuzi na sauti inapanda.

Tyuni ya D D D D A A, kuanzia uzi mnene, inapendeza mno, lakini usiiweke kwa seti ya kawaida ya nyuzi. Uzi wa tano utalegea mno. Weka nyuzi za unene wa inchi 0.046 mbili, 0.026 mbili, 0.014 mbili. Mifereji ya kidaraja cha juu, kile cha mwisho wa shingo, iliyokatwa kwa seti inayoanzia 0.009 itabana, hasa ya uzi wa tatu na wa tano: uzi unakwama, kisha unaruka ghafla na tyuni inaharibika. Panua kwa kifaili chembamba, taratibu, bila kuongeza kina, maana ukizidisha uzi utagonga freti ya kwanza.

Ndani, badilishanisha nyaya mbili za pikapu ya kati. Nafasi ya 2 na ya 4 za swichi ya kuchagua pikapu zitatoa sauti nyembamba, ya puani, tena ya chini, ndivyo inavyotakiwa. Tumia pasi ya kulehemu ya wati 40. Ile dhaifu hulazimisha kushikilia muda mrefu mgongoni mwa potenshia (kifaa kilicho chini ya kitufe cha kuzungusha sauti), nayo huungua ndani.