Masweta ya vyuo vya Marekani pale Sabasaba: mzigo safi, bei haijui timu

Baridi ya Juni ikitua Dodoma na ule upepo wake wa kukausha midomo, mtafuteni mama mmoja anayeuza mitumba Soko la Sabasaba. Kibanda chake hakina jina, ila mtakijua tu: karibu kila kinachoning'inia kina mnyama kifuani. Dubu, mbwa, mwewe, simba. Ni masweta ya kofia ya vyuo vikuu vya Marekani, ambako timu zote za chuo, kuanzia kikapu na riadha mpaka kuogelea, hubeba jina moja la utani.

Mzigo wake ni daraja la kwanza kweli. Nembo nyingi zimedariziwa, si za kuchapwa, na manyoya ya ndani bado yamejaa. Zipu nimezijaribu, zinapanda.

Shida yangu, kama mwalimu wa michezo, ni anavyopanga bei. Anaangalia uzito wa kitambaa na umaarufu wa picha. Sweta la Michigan, lile lenye M kubwa ya njano kwenye bluu iliyokolea, ni elfu kumi na tano na hashuki. (Timu zao huitwa Wolverines, lakini hawana hata mtu wa kuvaa vazi la mnyama huyo uwanjani.) Chini kabisa ya rundo nikakuta la Connecticut, lenye kichwa cha mbwa, kwa elfu saba.

"Mama, huyu mbwa ni wa Hasheem Thabeet," nikamwambia.

"Mwalimu, mbwa ni mbwa. Lete elfu saba."

Nikalipa upesi kabla hajabadili mawazo. Thabeet alichezea Huskies wa chuo hicho hadi 2009, mwaka ambao Memphis Grizzlies walimchagua wa pili nchi nzima, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Sweta hilo lingekuwa ghali kuliko yote pale kibandani.

Lingine lililolala bei ya kutupa ni la UTEP ya El Paso, Texas, lenye sururu kwenye nembo. Wanafunzi wangu walidhani ni la kampuni ya barabara. Timu za pale zinaitwa Miners kwa kuwa chuo kilianza kama shule ya madini. Mtu wa Sekenke angeelewa bila kuelezwa. Suleiman Nyambui alikimbilia chuo hicho, na mwaka 1980 akaleta fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow.

Burudani yenyewe ni wateja. Penn State wana simba, lakini rangi zao ni bluu na nyeupe. Shabiki wa Msimbazi akalishika, akaligeuza, akalirudisha: simba gani wa bluu? Wa Yanga hakutaka hata kuligusa. Yeye alikuwa keshaona Oregon, kijani na njano tupu, akalipia bila kupunguziwa. Alipolivaa ndipo wenzake wakamwonyesha kwamba mnyama wa Oregon ni bata. Tena si bata wa kubuni tu: chuo kilikubaliana na Walt Disney mwenyewe mwaka 1947 kumtumia Donald Duck. Jamaa akasema bata wa njano na kijani ni bora kuliko simba wa rangi yoyote, akaondoka nalo.

Nilimwagiza mama lile la Santa Cruz, California, ambako mwaka 1986 wanafunzi walipiga kura wakachagua konokono wa njano asiye na gamba, uongozi ukitaka simba wa baharini. Bado halijaja. Napenda ujeuri ule wa kuchagua kiumbe cha kwao. Dodoma Jiji wanaitwa Walima Zabibu na jina limekaa. Timu za vyuo vyetu nilizoziona zinashangiliwa kwa vifupisho vya vitivo, na sijui fundi atadarizi nini hapo.

Kioo hakuna, mtajipima kwa macho ya majirani. Ukilipa kwa simu, mama anataka na ya kutolea. Akishakuuzia harudishiwi, na saizi za Marekani ni pana: mvaa L wa hapa achukue M. Belo hufunguliwa asubuhi. Wa saa nane mchana mtakuta Michigan peke yake.