Visanduku vya vitu vya kushonea: mimi naanza na kifuniko

Kofia ilikuwa imebakia kufungwa mzunguko tu. Kofia ya viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, kitambaa chake bafta nyeupe, wiki saba za kazi ya usiku baada ya Isha, na mwenyewe ameshanipa nusu ya pesa. Mwezi wa Machi niliiweka kwenye sanduku langu jipya la plastiki, sindano nikaiacha imechomekwa palepale nilipokomea, nikasema nitaimaliza ikishapita harusi ya mdogo wangu. Masika yakaingia, harusi nayo ikawa na mambo yake, hata nakuja kulifungua sanduku Aprili inakwisha. Sindano imeshikana na kitambaa. Kuivuta, ikaacha mstari wa rangi ya chai ya rangi, urefu wa sindano nzima, upande wa mbele kabisa, pale kwenye paji la uso.

Nikapiga ndimu na chumvi, nikaanika juani siku mbili. Mstari ukafifia, haukutoka. (Ukipatwa na hili usikimbilie dawa ya klorini. Doa la kutu ukilitia klorini linazidi kukaa.) Pesa za watu nilirudisha, na kofia ninayo hadi leo, mume wangu anaivaa anapokwenda shamba.

Sasa hilo sanduku. Lita 60, linaonesha ndani, magurudumu manne, vishikio vya buluu, shilingi 55,000 Mlandege, hapa Unguja mjini. Muuzaji aliniapia kwamba halipitishi hata hewa. Siku ile ya kofia nililipeleka uani nikamimina kata moja ya maji juu ya kifuniko. Maji yote yaliishia ndani. Kifuniko kina vibano viwili, kulia na kushoto, mbele na nyuma hakuna kitu, na kwa kuwa sanduku lenyewe ni refu, katikati plastiki imebenuka kiasi cha kupitisha ncha ya kidole. Hewa ya masika inaingia polepole mchana kutwa, usiku kunapoa, unyevu unagandamana na chochote kilicho baridi, na kilicho baridi ndani ya sanduku la mshonaji ni chuma: sindano, pini, mkasi, bobini.

Tangu nilipokisimulia kisa hiki nimeletewa vingine. Bibi mmoja wa Wete pamba ya mfarishi wake imeota koga ndani ya sanduku la aina hiyohiyo, mfarishi, yaani shuka nzito lenye pamba katikati, wa viraka vya kanga, ambao alikuwa amekwisha kupanga uso na bitana. Mwingine wa Jang'ombe amefungua boksi la sindano mpya, bado ziko kwenye vibweta vyake, zote zina vidoa.

Kwa hivyo mwongozo huu sitazungumza rangi, wala ukubwa, wala kama kinaonesha ndani. Hayo kila mtu anayaona dukani. Nitazungumza kifuniko.

Dukani fanyeni hivi. Toa noti ya elfu moja, ile yenye Mwalimu, ilaze ukingoni nusu ndani nusu nje, funga kifuniko, kisha ivute. Ikitoka kama unaichomoa kwenye pochi, kifuniko hicho ni mapambo. Ikikataa, au ikitoka kwa kukwaruza, hapo mzungumze bei. Jaribu pande zote nne, khasa zile mbili zisizokuwa na kibano. Muuzaji atakutazama kama umerukwa na akili. Muache atazame, noti ni yako.

Jengine kabla ya kupanga: chuma na kitambaa visilale chumba kimoja. Chuma kinataka kufungiwa, kitambaa kinataka kupumua. Ukivitia pamoja utakuwa umekosea kimoja, chagua wewe kipi.

Namba moja, na hapa sina aibu kupendelea, ni Lock & Lock. Yale makopo ya Kikorea ya kuwekea chakula, yenye vibawa vinne vinavyofunga kila upande na mpira wa silikoni uliokaa kwenye mfereji wa kifuniko. Ndiyo, ni ya jikoni. Mimi sijali yametengenezewa nini. Nimefanya mtihani wa noti kwenye matatu niliyonayo, nikayajaza maji nikayapindua juu ya sinki, hakuna tone. Kubwa nimetia mikasi, wastani bobini na futi, dogo lile la mstatili linakaa vibweta vya sindano vimesimama kama vitabu, namba zinasomeka: 75/11 za vitambaa laini, 90/14 za kanga na mashuka, 100/16 za jinzi. Sindano msizitoe kwenye vibweta vyake. Ikishatoka, ile namba iliyochongwa shingoni huisomi bila miwani, na mimi hata na miwani siisomi.

Ndani ya kila kopo natupa vifuko viwili vya silika, vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na watu wakavitupa. Ukipata zile chembe za buluu, zikigeuka waridi ujue zimeshiba, zikaushe kwa moto mdogo zirudi. Lakini si kwenye chombo cha kupikia, na watoto wasizifikie, ile rangi ya buluu ina sumu yake. Mchele niliambiwa, nikajaribu, nikapata mchele wenye vumbi na wadudu wa mchele.

Na kopo likiziba vizuri linafungia ndani chochote ulichokitia, unyevu nao pia. Usipange vitu vyako siku ya mvua. Ngoja siku ya jua kali, futa mkasi kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya charahani, acha vitu vipigwe na hewa kavu saa moja au mbili, ndipo ufunge. Mimi yangu naifanya kaskazi, Januari, mchana wa saa nane, kabla masika hayajafika.

Ubaya wake? Vibawa vinachoka kwenye bawaba, changu kimoja kimekatika baada ya miaka. Na ghali. Mengineyo sitaki kuyasikia.

Mjihadhari lakini na yanayofanana nayo. Vibawa vinne vipo, jina linakaribiana, mpira ni utepe mwembamba uliogundishwa kwa gundi. Ingiza ukucha kwenye mfereji. Wa kweli unatoka mzima, unauosha, unaurudisha. Ule mwengine unakatika hapohapo, na muuzaji anakwambia umekiharibu.

Hapa nitoke kidogo nje ya njia, maana kuna kitu hamna anayekinunua kwa kufikiri: kimto cha kuchomekea sindano. Dukani vipo vya nyanya nyekundu, vya maua, vya kuvaa mkononi. Ndani mna nini? Hakuna ajuaye. Nilikuwa nacho kimoja nilichoshonewa na mkono wa mtu, zawadi, kizuri mashallah, kila sindano niliyoiacha ndani wiki moja ilitoka na madoadoa. Nikakipasua. Usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Na usumba wetu huu mnajua unavyopatikana, makumbi yanazikwa mchangani pwani miezi kadhaa maji kupwa maji kujaa, ndipo yapondwe. Hata uuoshe vipi, chumvi ya bahari haiishi yote, na chumvi inavuta maji hewani, tazama kikopo chako cha chumvi jikoni mwezi wa Aprili. Unachomeka chuma kwenye kitu kinachokunywa hewa ya masika!

Nikakijaza sufi. Mto mmoja wa zamani wa bibi yangu, sufi ya msufi wa Pemba, nikachota konzi mbili. Nyuzi za sufi zina nta yake ya asili, maji hayazishiki, ndiyo maana zamani zilitiwa kwenye majaketi ya kujiokolea baharini. Ule upande niliopasua nikaushona kwa mkono. Masika mawili sasa yamepita na sindano ya kofia inalala humo, inang'aa. Kimto cha sufi hakiuzwi popote ninapojua. Gharama yake ni mto wa bibi na nusu saa.

Namba mbili ni ya kitambaa: kapu la ukili lenye mfuniko, na ndani yake foronya. Foronya za pamba, kila rangi yake, kanga zilizokatwa kwenye moja, bitana kwenye nyingine, pamba ya mfarishi kwenye kubwa. Kapu linapumua, foronya inazuia vumbi na mende wasitagie kwenye mikunjo. Nunua lililosukwa karibu karibu, liinue juu ulitazame kwenye mwanga, ukiona jua limechungulia acha. Mfuniko wa kapu hauzibi, najua, na ndio nautakia hivyo. Chini ya kapu weka vipande viwili vya mbao lisiguse sakafu. Na nyinyi mnaokaa Mji Mkongwe, msilisukume kapu likagusa ukuta. Zile kuta za mawe na chokaa zinanyonya maji kutoka chini na chumvi inatokea juu kama unga, mnaifagia wenyewe kila siku. Tia karafuu kavu kwenye kila foronya, kipande cha kafuri ukipenda, ila nguo ya mtoto mchanga usiitie kafuri.

Makapu nanunua kwa wanaosuka, sinunui maduka ya watalii. Kapu lilelile, mtu wa Forodhani anakutajia bei ambayo mwenye kulisuka akiisikia atakaa chini.

Sanduku la mbao ni namba tatu, na hapa najua nitagombana na watu. Sanduku la Kizanzibari, la misumari ya shaba na kufuli lake, ni zuri kuliko nyumba ya watu wengine. Mbao nzito inanyonya unyevu na kuutoa taratibu, kifuniko kizito kinakaa kwa uzani wake, noti yangu ilivutika kwa tabu. Lakini kila unapotaka kipande kilicho chini unatoa vyote vya juu, mgongo ukimalizika na hamu ya kushona imeisha. Halafu yanayotengenezwa sasa yana shaba nyembamba juu na misumari ya chuma ndani, ikishika kutu inatoboa unachokiweka pembeni. Kama umelirithi, tandika shuka ndani na utie mifarishi iliyokwisha. Kama hujalirithi, usilinunue kwa ajili ya viraka.

Namba nne, lile kabati la droo za plastiki tatu au nne, linauzwa kila pahala. Droo haina kifuniko. Nimalize hapo? Nyuma iko wazi, ukizivuta zote utaona mwanga wa ukuta, na mende anaingia kama mwenyeji. Vifungo, lesi, zipu za plastiki na lastiki, sawa. Doti mbili za kanga juu ya droo na reli yake inapinda.

Kopo la bluu la biskuti za Kidenmaki, tunalo sote, watoto wetu wote wameshalifungua wakataraji biskuti. Bati, linaanza kutu kwenye ukingo. Reli za uzi tu. Ndoo za rangi, makopo ya aiskrimu: bure ni bure. Mifuko ya plastiki nayo imepigwa marufuku huku kwetu tangu zamani, kabla hata Bara hawajapiga yao 2019, na kitambaa ndani yake kinanuka.

Turudi kwa wenye maduka, maana sijamaliza nao. Lile sanduku la lita 60 nililirudisha. Nililipandisha dala dala, magurudumu yake na yote, kondakta akanitoza nafasi ya mtu. Kijana wa duka hakuinua macho kwenye simu, akanyoosha kidole kwenye karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia, wewe uliniapia. Akasema, bi mkubwa, mimi nilikuambia halipitishi hewa, sikukuambia halipitishi maji. Watu wa foleni wakacheka. Mimi pia karibu nicheke, ningekuwa sikupoteza kofia.

Na bei. Kopo la Lock & Lock la wastani nilinunua 18,000. Mwezi uliofuata nimekwenda na mgeni wangu wa Ujerumani, mtu wa mifarishi kuliko mimi, kopo lilelile rafu ileile likawa 30,000. Nikamuuliza mwenye duka kimepanda nini. "Dola, bi mkubwa." Dola! Nikamwambia mgeni akae nje, nikarudi peke yangu baada ya robo saa, dola ikawa imeshuka.

Dada yangu anakuja kutoka Maskati mwisho wa mwezi. Kila safari hutuletea halua, na sisi kila safari tunamwambia halua ya hapa ni ileile. Safari hii nimempa vipimo kwa maandishi: makopo matatu ya mstatili, mpira unaotoka, na apime kwa noti hukohuko kabla hajalipa. Ameniuliza noti ya nchi gani.