Mchoro wa Arthur Wharton: picha safi sana, kadi ndo imeniudhi

Nimeagiza huu mchoro wa Arthur Wharton, kipa wa Uingereza wa karne ya 19, kwenye duka moja la mtandaoni linalouza picha za wachezaji wa zamani, nikachukua saizi kubwa, na naupa nyota 3 kati ya 5. Zote 3 ni za mchoraji.

Huyu mchoraji anaujua mpira wa enzi zile aisee. Kamchora Wharton ananing'inia kwenye mtambaa panya huku kaubana mpira kwa magoti, maana ndo staili yake inayosimuliwa mpaka leo, halafu goli halina nyavu na jezi yake ni ileile ya wenzake, na ndivyo ilivyokuwa, nyavu zilikuja miaka ya 1890 na makipa kuvaa rangi yao ni 1909. Karatasi nzito, rangi imekolea, imefika haina hata kunjo. Fremu utatafuta mwenyewe.

Sasa hiyo kadi ya historia inayokuja nayo jamani! Eti kazaliwa Karibiani, eti alikuwepo kwenye ile Preston North End iliyobeba ligi na kombe la FA bila kupoteza mechi. Hapana. Wharton kazaliwa Jamestown, Accra, 1865, Ghana ya leo, baba yake ndo alitoka Grenada, mmishonari wa Methodist, mama Mfante, kabila la hukohuko Ghana. Kaenda Uingereza kijana kusomea umishonari, michezo ikamteka, 1886 akakimbia yadi 100 kwa sekunde 10 pale Stamford Bridge. Preston kweli kadaka, wakafika nusu fainali ya FA 1887, ila ule msimu wa kutopoteza mechi ni 1888/89 na yeye keshaondoka. Kulipwa kwa kudaka kaanza Rotherham Town 1889, na hiyo ndo sababu anahesabiwa mchezaji wa kwanza mweusi wa kulipwa, sasa kadi inayomhusu haijaitaja Rotherham hata mara moja, hivi inawezekanaje?

Mwishoni wameandika alistaafu 1902, basi. Na maisha yaliyofuata? Alishuka kwenye mgodi wa makaa ya mawe huko Yorkshire, kafa hukohuko Edlington 1930 maskini, kaburi likakaa bila jiwe mpaka 1997. Mtu katoka Accra kafika kudaka daraja la kwanza na Sheffield United halafu unamkatia hapo, na nafasi ilikuwepo, nusu ya kadi ni nembo ya duka. Iliniuma kweli.

Nimewaandikia, wamejibu siku hiyohiyo kwa adabu, wamesema watairekebisha. Wakinitumia mpya narudi kuongeza nyota. Ukitaka mchoro chukua saizi kubwa, kwenye ile ndogo sura yake haionekani vizuri. Wangu uko ukutani tayari, kadi nimeigeuza nikaandika nyuma kwa kalamu: Accra 1865, Rotherham 1889, Edlington 1930.